Farasi Aliyeinuka Kama Ng'ombe

Kauboi wa kwanza niliyemwona alikuwa kwenye kalenda ya dawa ya kupe. Baba aliipata bure katika duka la dawa za mifugo pale Ol Kalou, akaitundika juu ya redio, na mwaka ulipokwisha hakuitoa kwa sababu mama aliipenda picha yake. Mwanamume alikuwa amekaa juu ya farasi mwekundu, kofia imemfunika macho, na nyuma yake ng'ombe wengi kuliko wa lokesheni yetu yote. Nilimwiga kwa makaa kwenye ukuta wa stoo ya viazi. Nilichapwa. Siku chache baadaye nilimkuta baba amesimama peke yake mle stoo, mikono nyuma, akimtazama.

Anayeijua Kenya kwa picha za fukwe na simba inafaa nimweleze kidogo. Nyandarua ni nyanda za juu. Asubuhi ukungu hulala mashambani mpaka saa tatu, na watu huvaa makoti mazito, gambuti na kofia. Kila boma lina ng'ombe wa maziwa. Wikendi redio ilipiga nyimbo za kauboi, na wanaume wazima ambao hawajawahi kuvuka Naivasha walinyamaza kwa heshima kusikiliza habari za treni ya Tennessee na mke aliyeondoka. Kwa hiyo sikuona ajabu yoyote kumchora yule mtu wa kalenda. Nilidhani anaishi ng'ambo ya milima ya Aberdare.

Nilipomaliza shule nikawa mchoraji wa mabango. Kila kituo cha biashara kilikuwa na baa yenye jina la mji wa Kimarekani, na karibu yake bucha. Kwenye ukuta wa baa nilichora kauboi, kwenye ukuta wa bucha nilichora ng'ombe. Ng'ombe nilimjua. Nilimchora amesimama, amelala, anacheua, anageuka kumfukuza nzi. Farasi nilimjua kwa ile kalenda tu, na kwenye kalenda alikuwa anatazama kushoto. Kwa miaka mingi sikuweza kuchora farasi anayetazama kulia. Mwenye baa akitaka farasi wake aelekee mlangoni, na mlango uko kulia, nilimshauri ahamishe mlango kabla ya kunipa kazi.

Kazi ya ukutani haidumu. Baa inabadilisha mwenyewe, mwenyewe anabadilisha rangi. Kampuni za simu zilipoanza kupaka majengo rangi zao, barabara nzima niliyoichora ilifunikwa kwa msimu mmoja. Sikulalamika sana wakati ule. Nilikuwa kijana, na mimi mwenyewe ndiye niliyelipwa kufunika baadhi ya kuta hizo.

Mke wangu ni muuguzi. Alipata kazi katika hospitali kubwa iliyo karibu na Bordesley Green, nami nikamfuata Birmingham nikiwa na sanduku moja na brashi zangu nimezifunga ndani ya soksi. Tunaishi Northfield. Mchana nafanya kazi Tyseley, katika stoo ya kiwanda cha vipuri vya mashine, napokea na kutoa mizigo. Kazi ya kuchora naifanyia katika chumba kidogo cha juu, ambacho binti yetu alikikataa kwa sababu ya harufu.

Jumamosi moja nilikuwa nabeba mifuko ya viazi kutoka sokoni nikasikia wimbo wa redio yetu ya Nyandarua ukitoka kwenye ukumbi nyuma ya maduka. Nikaingia na mifuko yangu. Ndani kulikuwa na Waingereza kama arobaini, wengi wao wamestaafu, wamevaa kofia pana, mikanda yenye bizimu kubwa na buti zenye ncha, wanacheza kwa mistari. Mwenyekiti wao alikuwa dereva wa basi mstaafu. Alikuja mlangoni akanitazama mimi, akatazama viazi vyangu.

"Umepotea?" aliuliza.

"Hapana. Nimesikia muziki."

"Unaujua?"

"Tangu mtoto."

Nilipomwambia kwamba nachora makauboi, alitaka kujua ilikuwaje Mwafrika akachora makauboi. Nikamuuliza ilikuwaje mtu wa Northfield akavaa kofia ya Texas. Alifikiri kwa haki kabisa, kisha akasema alianza akiwa na miaka saba na hakuona sababu ya kuacha. Nikamwambia na mimi ni hivyo hivyo. Tangu siku hiyo nimekuwa mchoraji wao. Picha zangu za theluji, za wapanda farasi na mifugo mtoni, ziko juu ya televisheni nyingi za upande huu wa mji. Farasi wangu sasa hutazama pande zote, kwa kuwa nina vitabu na simu. Ila sikuwahi kumgusa hata mmoja, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Sanamu ilikuja baadaye. Klabu yao ina maonyesho kila mwaka, na wageni hutoka hata miji mingine. Mwenyekiti alinipigia simu akasema meza ya katikati, iliyo chini ya taa, iko wazi kwa kazi ya shaba kama nitaweza kuileta. Kwenye fomu niliandika: kauboi na farasi wake. Farasi ameanguka matopeni, kauboi anashika hatamu, mnyama anaanza kuinuka.

Naomba nieleze jinsi sanamu ya shaba inavyotengenezwa, maana bila hilo yaliyofuata hayataeleweka. Kwanza unafinyanga kwa udongo. Juu ya udongo unatengeneza kalibu ya mpira, na ndani ya kalibu unamimina nta, ili upate sanamu ile ile kwa nta. Nta hiyo huchovywa mara nyingi kwenye uji wa udongo mgumu na mchanga mpaka ivae ganda. Ganda likikauka, linapashwa moto, nta inayeyuka na kutoka, na pale ilipokuwa nta panamiminwa shaba. Kitendo hicho cha mwisho mafundi wetu wa zamani walikiita kusubu. Kwa hiyo kosa unaweza kulisahihisha likiwa kwenye udongo, na unaweza kulisahihisha likiwa kwenye nta. Likishaingia kwenye ganda, limekuwa lako.

Karakana ya kusubu ilikuwa Tyseley, dakika tano kwa miguu kutoka kazini kwangu. Mwenyewe alikuwa mwanamke Mwingereza wa umri wangu, aliyeirithi kutoka kwa baba yake. Jengo lilikuwa limeshauzwa, na yeye alikuwa anafunga. Alikubali kuisubu kazi yangu atakapowasha tanuri lake mara ya mwisho. Karakana nyingine nilizoulizia zilikuwa mbali, na zilifanya kazi za majengo na makampuni, si za mtu mmoja na sanduku lake la kadibodi. Nilikuwa nimepita miaka hamsini. Kila nilichochora ukutani kilikuwa kimefunikwa. Nilitaka kitu kimoja cha mkono wangu ambacho mtu hawezi kukipaka rangi juu, na tanuri hilo moja ndilo lililokuwepo.

Mtu wa kusimama kama kauboi nilimpata kupitia mke wangu.

"Baba watoto," aliniambia jioni moja akivua viatu, "kuna mzee pale kazini, anafanya usafi ghorofa ya chini yetu. Anatembea kama mtu anafuata ng'ombe."

Nilimjua kwa sura. Tunasali pamoja Bordesley Green katika ibada ya Kiswahili, ambako Wakenya, Watanzania na Wakongo tunaelewana kwa yale muhimu na kuchekana kwa yaliyobaki. Alikuwa ametoka Masisi, mashariki ya Kongo. Huko kuna milima ya majani mabichi na mifugo mingi, na yeye alichunga tangu utotoni mpaka vita vilipowatawanya watu na ng'ombe pia. Alikubali kuja kwangu Jumapili baada ya ibada. Aliniita "artiste", kama Wakongo wanavyomwita mchoraji, jinsi sisi tunavyosema "mwalimu". Nilimvika kofia yangu na kumpa mkanda ashike kama hatamu.

"Artiste, nisimame ivi mupaka saa ngapi?"

"Mpaka nimalize mgongo, mzee."

"Mugongo yangu ao yako?"

Alikuwa na subira. Alisimama, alikunywa chai, alisimama tena. Farasi alipoanza kuonekana kwenye udongo, alikuja kumzunguka mara mbili. Nilikuwa nimemfinyanga katika dakika ile ngumu zaidi ya kuinuka: amepiga magoti ya mbele, matako yamekwisha kupanda juu, kichwa bado kiko chini.

"Iko vizuri," alisema. "Nyama inaamukaka ivyo." Kwao nyama ni mnyama yeyote.

Nami niliona ni hivyo. Watu wawili waliokulia nyuma ya mifugo, mmoja wa Nyandarua na mmoja wa Masisi, tulimtazama yule farasi miezi mitatu na hakuna aliyesita. Tulibishana kuhusu urefu wa mkia.

Nta ilipokuwa tayari niliipeleka karakana. Mwenye karakana aliiweka kwenye meza ya kuzunguka, akaizungusha polepole kwa kidole kimoja. Kisha akafuta mikono.

"Huyu ni farasi?"

"Ni farasi."

"Amefundishwa kuinuka na nani?"

Nilidhani anasifu. Nilimweleza kwamba nilichagua dakika yenye uzito. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema kazi ni nzuri, mgongo wa mtu ni mzuri sana, halafu akalala kifudifudi kwenye sakafu ya karakana akiwa na ovaroli yake. Alikuwa amefuga farasi miaka ishirini. Alinyoosha mikono yote miwili mbele, akasimamisha kifua, akabaki ameketi namna ya mbwa. Kisha akajisukuma kwa miguu ya nyuma akasimama.

"Mbele kwanza," alisema akijipangusa vumbi. "Kila mara. Anayeanza na nyuma ni ng'ombe."

Nilianza kuirudisha nta kwenye sanduku lake. Alinikumbusha kwamba uchovyaji unaanza baada ya siku tisa, Jumatatu. Nta ni nta, alisema, una uhuru wa kufanya utakalo. Alizungumza bila kejeli, na nilimshukuru kwa hilo baadaye zaidi kuliko siku ile.

Msomaji ambaye hajaishi na ng'ombe nimweleze alichokuwa anasema. Ng'ombe akitaka kuinuka, hupiga magoti kama mtu kanisani, hujitupa mbele kidogo, na matako huja juu kwanza. Hapo hutulia. Unaweza kumwaga ndoo nzima ya maji naye bado amepiga magoti, kama aliyesahau alichoinukia. Ndipo huweka mguu mmoja wa mbele, kisha wa pili. Nilikuwa nimemsubiri ng'ombe katika hali hiyo kila asubuhi ya utoto wangu, na ndoo mkononi. Mikono yangu ilipoambiwa mnyama anainuka, ilifanya iliyoyajua. Nilimvika tu ngozi ya farasi.

Binti yangu alitafuta video kwenye simu. Alizitazama tatu na kuniambia, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba wote wanaanza na mbele, na akauliza kama kweli sikuwahi kuangalia. Nikaziangalia mara nyingi. Nilielewa. Lakini nilipogusa nta, vidole havikujua pa kwenda. Farasi akawa kama mbuzi anayepanda kiti.

Nikaamua nimwone farasi mwenyewe. Karibu na reli, si mbali na kazini, kulikuwa na uwanja mtupu wenye majani, na mtu fulani alikuwa anamfunga hapo farasi mmoja, mweusi na mweupe, miguu ina manyoya kama amevaa suruali pana. Kila mchana niliponunua chakula nilienda kusimama kando ya ua nikamsubiri alale ili nimwone akiinuka. Hapo ndipo nilipojifunza jambo la pili nililopaswa kulijua. Farasi husinzia akiwa amesimama. Magoti yake yana namna ya kujifunga, asianguke. Chini hulala kwa muda mfupi, na akiwa na mgeni anayemkodolea macho huku akila mkate na yai, hatalala. Siku ya kwanza alinitazama. Siku ya pili alinigeuzia makalio. Siku ya tatu mvua ilinyesha na sote wawili tulisimama.

Nyumbani nilikuwa nimehamishia nta jikoni, ambako kuna mwanga.

"Harufu ya hiyo farasi yako imeingia mpaka kwa uniform yangu," mke wangu alisema. "Wagonjwa wananiuliza kama ni siku ya mishumaa."

"Nivumilie hadi Jumatatu."

"Nakuvumilia. Lakini unaenda kusimama na farasi wa watu kila siku. Umemwambia yule mzee?"

Sikuwa nimemwambia. Niliona aibu kwa niaba yake.

Alhamisi farasi alilala. Nilipofika nilimkuta ameshalala ubavu, nikashika ua na kusubiri. Treni ikapiga honi relini. Miguu ya mbele ikanyooka, kifua kikaja juu, nikahesabu moja, mbili, na alikuwa amesimama akijitikisa. Nilikuwa nimeona kila kitu. Nikarudi nyumbani jioni, nikakaa mbele ya nta nikiwa na kisu na taa ya spiriti, na bado sikuwa nimeona chochote. Jambo lililotazamwa mara moja lilikuwa kichwani kwangu kama anwani ya mtu nisiyemjua. Nilijaribu kuvuta miguu ya mbele, na goti moja likakatika mkononi mwangu.

Kesho yake, Ijumaa jioni, ikiwa zimebaki siku mbili na nusu, niliipeleka nta kwa mzee huko Bordesley Green. Anakaa katika nyumba ya safu, chumba cha mbele. Niliiweka mezani kati ya Biblia na sahani ya karanga, nikamweleza.

"Farasi haiinuke ivi?" aliuliza.

"Hainuki hivi, mzee. Anaanza na mbele."

Alitafuna karanga kwa muda.

"Ni kusema tumedanganya bazungu miezi tatu."

"Bado hatujawadanganya. Bado ni nta."

"Miye farasi niliona mara mbili tu," alisema. "Moja ilikuwa ya mupadri, na ilikuwa muzee, haikulala, haikuamuka, ilisimama tu." Akacheka peke yake. Kisha akavuta sahani pembeni, akaweka kidole kwenye nyonga ya yule mnyama. "Lakini hii nyuma ni ya ngombe kabisa, artiste. Hii ngombe iko na njaa. Iko mu matope, sivyo?"

"Ndiyo."

"Sasa huyu mutu anashika kamba ya nini? Ngombe ya mu matope haivutwe na kamba, utavunja shingo. Unaenda nyuma. Unashika mukia, hapa, karibu ya mufupa. Unangoja. Ikikubali, unanyanyua pamoja nayo. Ikikataa, unaongea nayo."

"Unaongea nayo nini?"

"Habari ya majani."

Nilimtazama yule kauboi wa nta aliyekuwa na hatamu mkononi, mbele ya mnyama, mahali ambapo kwa miezi mitatu mzee alisimama kwa sababu mimi nilimwambia asimame hapo. Hakuwahi kunisahihisha. Alidhani hiyo ndiyo desturi ya farasi.

Niliwahi kusoma, katika kitabu cha maktaba kuhusu maisha ya Magharibi ya Marekani, kwamba mwisho wa baridi ng'ombe walidhoofika mno wakaanguka matopeni, na kazi moja ya kauboi ilikuwa kuzunguka akiwanyanyua kwa mkia. Niliipita sentensi hiyo haraka nikitafuta farasi. Sisi tunaosema Kiswahili tulilichukua neno kauboi zima zima, kama kopo la bati, bila kulifungua. Ndani yake mna "cow", yaani ng'ombe. Farasi hayumo. Baba yangu alikuwa anafanya kazi ya kauboi kila asubuhi akiwa na gambuti, na mimi nilikuwa naenda kumtafuta kauboi kwenye kalenda.

"Nikiweka ng'ombe," nilimwambia mzee, "huenda klabu hawataipokea. Kwenye fomu niliandika farasi."

"Ukiweka farasi?"

"Nitakuwa na farasi wa uongo wa shaba."

"Bon, sawa," alisema. "Farasi ya uongo haitakufa?"

"Haitakufa."

Alinisukumia karanga.

Nilikuwa na Jumamosi na Jumapili. Kubadilisha farasi kuwa ng'ombe si kumwekea pembe tu. Nilikata shingo nikaishusha, nikapanua kwato na kuzipasua katikati, nikatoa manyoya ya shingo, nikaongeza ngozi ile inayoning'inia chini ya koo. Mifupa ya nyonga niliitokeza kama meza chini ya kitambaa. Kazi hiyo yote ilikwenda haraka, na sehemu nyingine sikuhitaji kuitazama. Iliyonichosha ni mikono ya mtu. Nilimhamisha nyuma ya mnyama, na mzee akaja Jumapili akasimama jikoni kwetu akiwa ameinama, anashika hewa. Mke wangu alimpitia kuchukua sufuria mara tatu, na kila mara alimwomba radhi ng'ombe. Jumatatu asubuhi, kabla ya kazi, niliipeleka.

Mwenye karakana aliizungusha meza yake.

"Huyu anajua anachofanya," alisema. Akaipeleka kwenye rafu ya uchovyaji.

Nilimpigia mwenyekiti simu siku hiyo hiyo kwa sababu sikutaka ashtuke mbele ya watu.

"Farasi yuko wapi?" aliuliza.

"Hayupo."

"Kauboi hana farasi?"

"Anaye. Amemwacha pembeni anakula majani. Kazi ile haifanywi juu ya farasi."

Nilisikia televisheni yake. Akasema kamati iliahidiwa farasi, na kwamba meza ya katikati itabidi wampe yule bwana wa Worcester mwenye sanamu ya mpanda farasi. Mimi atanitafutia nafasi. Nilimwambia ni haki. Nilipokata simu nilikaa kwenye ngazi kwa muda. Ile meza niliitaka.

Ijumaa ya kusubu niliruhusiwa kusimama nyuma ya mstari mwekundu. Yeye na mfanyakazi wake mmoja walivaa mavazi mazito na vioo vya uso, wakanyanyua chungu kutoka tanurini kwa mikono mirefu ya chuma. Shaba iliyoyeyuka ina rangi ya chungwa lililoiva na haina kelele. Ilimiminwa kwenye ganda langu kwa muda mfupi kuliko wa kujaza kikombe, wakahamia ganda jingine. Tanuri lilipozimwa alivua glovu, akaziweka juu yake, akaniuliza kama nataka chai.

Ganda lilipovunjwa tuliona kwamba shaba haikufika kwenye ncha ya pembe la kushoto. Alijitolea kupunguza la kulia ili yalingane. Nilimwambia aache. Ng'ombe aliyeishia matopeni mara nyingi ameshagombana na kitu njiani.

Siku ya maonyesho niliikuta kazi yangu kwenye meza iliyo kando ya mlango wa jikoni, karibu na birika kubwa la chai. Kila aliyekwenda kuchukua chai alilazimika kuipita, na wengine waliweka vikombe karibu nayo huku wakitafuta sukari. Mzee alikuja saa nane akiwa na suti ya kanisani. Alisimama mbele ya sanamu, mikono nyuma. Mama mmoja wa klabu, aliyevaa fulana yenye nyuzi za kuning'inia, alimtazama yeye, akaitazama sanamu, akamtazama yeye tena, akaenda kumwita mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuja na kofia yake. Aliizunguka meza kadiri birika lilivyomruhusu.

"Muulize," aliniambia, "kwa nini anashika pale. Mimi ningemsukuma kwa bega."

Nilimtafsiria. Mzee alimtazama mwenyekiti kuanzia kofia mpaka ncha za buti, kwa upole, kama mtu anayekadiria uzito.

"Muambie alete kiti," alisema.

Kiti kikaletwa, kile cha plastiki cha ukumbini. Mzee alikilaza chini ubavu na kumwonyesha mwenyekiti pa kushika, chini ya mgongo wa kiti. Mwenyekiti alivua kofia, akampa yule mama, akainama. Akataka kunyanyua.

"Hapana," mzee alisema. "Iko inafikiri."

"Anasema subiri," nilitafsiri. "Bado anafikiri."

"Nani anafikiri?"

"Ng'ombe."

Mwenyekiti akasubiri, ameinama, uso umemwiva. Watu wawili watatu walikuwa wamesimama na vikombe vyao.

"Mikono chini zaidi," mzee alisema. "Na umuambie aongee."